UGONJWA WA SUKARI SI SHAURI LA NYUMBANI

Ndugu wanachama,

Mfanyi kazi mwenye ugonjwa wa sukari akiomba dakika chache za kujidunga sindano, au ruhusa ya kula kitu kabla ya saa ya chakula, huambiwa kwamba hayo ni mashauri ya nyumbani kwake. Sisi twasema sivyo! Mtu haachi damu yake langoni akaingia kiwandani na mikono peke yake.

Tazameni mambo yenyewe. Mgonjwa atumiaye insulini hahitaji kichupa cha dawa tu. Ahitaji mabomba ya sindano, kifaa cha kupimia sukari, visindano vya kutoboa kidole, na vijiti vya kupimia, ambavyo kila kimoja hutumika mara moja kikatupwa. Ahitaji mahali pa baridi, kwa maana insulini isiyofunguliwa huwekwa katika digrii 2 mpaka 8, na ikiganda barafu imeharibika. Tena ahitaji kula kwa wakati. Akijidunga kisha akacheleweshwa chakula, sukari hushuka: hutetemeka, hutoka jasho, maneno humpotea, mwisho huanguka. Nyapara akimwona husema amelewa, akamwandikia barua ya onyo. Kumbe dawa yake ilikuwa soda moja!

Kipimo ndicho jicho la mgonjwa, na hapo ndipo wauzaji walipotega mtego. Kifaa huuzwa kwa bei nafuu, pengine hutolewa bure. Lakini vijiti vya kampuni moja havifanyi kazi katika kifaa cha kampuni nyingine. Ukikipokea kifaa umejifunga kununua vijiti vyake kila mwezi. Fedha zikiisha, mwenzetu huacha kupima, akakisia. Kukisia insulini ni kucheza na mauti.

Na hiyo insulini ni mali ya nani? Iligunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921. Mwaka 1923 Banting, Best na Collip waliiuza haki yao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kila mtu. Leo sehemu kubwa ya biashara yake duniani imo mikononi mwa makampuni matatu: Eli Lilly ya Marekani, Novo Nordisk ya Denmark na Sanofi ya Ufaransa. Waliogundua walitoa, wauzao wanavuna.

Tajiri atasema kwamba mfanyi kazi ana bima. Ni kweli, tangu Oktoba 2024 twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya bima mpya ya afya. Lakini fedha hizo ni zetu. Sheria haikumtaka tajiri aongeze hata senti moja juu yake. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 34, yamtaka mwajiri ahakikishe kwamba mfanyi kazi mgonjwa anapata dawa zifaazo. Akijibu kwamba sheria hiyohiyo humpunguzia mzigo pale penye matibabu ya bure au bima, basi atuonyeshe dispensari impayo kila mfanyi kazi vijiti vya mwezi mzima bila malipo. Akishindwa, na alipe.

Wako na wenzetu wasemao kwamba kazi ya chama ni mshahara, si sindano. Ndugu, vijiti hununuliwa kwa nini kama si kwa mshahara? Nyongeza tuliyoipigania mezani huishia dukani kwa kemisti. Halmashauri inayosahau jambo hili imepigania nyongeza ya muuza dawa.

Kwa hiyo kila tawi liyatie haya katika madai ya mapatano yajayo:

1. Insulini, mabomba, visindano na vijiti vilipwe na mwajiri pale bima inapokomea.
2. Friji ya dawa, yenye kufuli, iwekwe kila mahali pa kazi.
3. Nafasi ya kupima, kujidunga na kula isikatwe katika mshahara.
4. Sukari iwekwe katika kila sanduku la huduma ya kwanza, na manyapara wafundishwe dalili.
5. Asiachishwe kazi mtu yeyote kwa ugonjwa huu.

Hatuombi sadaka. Mashine ya tajiri hutiwa mafuta kabla haijakwama, na hakuna aitaye mafuta hayo shauri la nyumbani.

UMOJA NI NGUVU!