Swali Lililochekwa Mkwawa

Mwezi huu twapenda kusema machache juu ya elimu ya joto. Hatuna haja ya kwenda mbali, kwani swali moja gumu la elimu hiyo liliulizwa hapa kwetu Iringa, katika shule ya Mkwawa, na aliyeliuliza akachekwa.

Jina lake Erasto Mpemba. Mwaka 1963, alipokuwa akisoma Magamba, Lushoto, yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari na kuyaacha yapoe, ndipo yatiwe katika friji. Siku moja nafasi ilikuwa ndogo. Mwenzake mmoja akaweka maziwa yasiyochemshwa, na Mpemba, asije akakosa nafasi, akaweka yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yamekwisha ganda, na ya mwenzake bado mazito tu. Alipomwuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa.

Alipofika Mkwawa akafundishwa kanuni ya Newton juu ya kupoa kwa vitu, akaliuliza tena. Akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Nasi twaungama kwamba akili yataka kumwunga mkono mwalimu: maji ya digrii 100 hayana budi kupita kwenye digrii 35 kabla ya kuganda, basi yatayapitaje yaliyoanzia hapo?

Ndivyo alivyomwuliza Dkt. Denis Osborne, aliyetoka Dar es Salaam kuja kuzungumza na wanafunzi wa Mkwawa. Wenzake wakacheka. Osborne naye aliona shaka, ila aliahidi kujaribu. Msaidizi wake akaona kweli ya moto yametangulia, naye (twatabasamu kila tukumbukapo) akaahidi kurudia mpaka apate jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walitoa makala katika jarida la Physics Education, na jambo hilo likaitwa kwa jina la Mpemba.

Kumbe Aristotle alikwisha kulitaja zaidi ya miaka 2,000 kabla, na Bacon na Descartes katika karne ya 17.

Sababu yake bado yabishaniwa. Wengine husema mvuke hupunguza maji. Wengine, chombo cha moto huyeyusha sakitu iliyo chini yake kikapata kugusa ubaridi barabara. Mwaka 2012 wanakemia wa Uingereza waliomba maelezo, yakaja zaidi ya 22,000. Mwaka 2016 Burridge na Linden walipima wasilione jambo lenyewe, wakaonya kwamba kipimajoto kikisogezwa kidogo tu hubadili hesabu. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer, huko Kanada, wakaonyesha jambo la namna hiyo kwa chembe ndogo mno ndani ya maji.

Mwenye friji nyumbani na ajaribu pamoja na watoto: vikombe viwili vya namna moja, maji yaliyopimwa sawa, wala kimoja kisikae juu ya sakitu.