Bia ya Berlin na pombe ya shangazi

Leo nina kisa cha glasi moja ya bia.

Jamaa yangu alinivuta kwenye baa moja hapa Dar ambako bia inatengenezwa humo humo ndani, mitambo unaiona kwa kioo. Bei zake mwandishi wa gazeti anazisoma mara mbili mbili. Tukaletewa Berliner Weisse, bia ya ngano ya asili ya Berlin: rangi ya majani makavu, ina ukungu, kilevi kama asilimia 3 tu. Mhudumu akatuonya kwamba ni chachu, ndivyo inavyotakiwa.

Nikapiga funda. Jamani! Nilikuwa Nachingwea.

Shangazi yangu kule alikuwa akipika pombe ya mtama. Analoweka mtama, anauacha uchipue, anauanika, anausaga kuwa kimea. Anapika uji, ukipoa anatia kimea, kisha chungu kinaachwa kifanye kazi. Uchachu ule unaletwa na bakteria wa jamii ya wale wa maziwa mgando, na ndio hao hao wanaoichachua ya Berlin wakishirikiana na hamira. Wala hatukufundishwa na Mjerumani. Yeye alikaa Lindi mpaka Vita Kuu ya Kwanza, akatuachia boma.

Tofauti zipo. Ya shangazi ni nzito, ina machicha, na ukiichelewesha inageuka siki. Ya Berlin ni nyepesi, ina povu jingi, na wenyewe huitia sharubati nyekundu au ya kijani kupunguza ukali. Kwa kweli, bila sharubati ni tamu zaidi.

Kilichoniuma ni meza yetu. Watu waliusifu uchachu ule kama wamegundua dhahabu. Ni watu wale wale ambao chuoni tulicheka pamoja pombe za kienyeji. Nami nilicheka, wakati ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye chungu kile. Nikiulizwa shangazi anafanya kazi gani, nilijibu "mfanyabiashara".

Hata Berlin waliidharau yao. Karne ya 19 ilikuwa bia ya mji mzima. Mwishoni mwa karne ya 20 ilibaki kwa watengenezaji wachache mno. Waliokuja kuifufua ni wenye viwanda vidogo, wengine Wamarekani.

Sasa hawa wa kwetu wanangoja nini? Ngano ya nchi hii sehemu kubwa inatoka nje, na mtama upo. Uganda walianza kutengeneza Eagle Lager kwa mtama tangu 2002. Najua mtasema Chibuku ipo. Ipo, lakini mimi nazungumzia mtengeneza bia wa Dar apande basi mpaka Ruangwa, akae kilabuni na akina mama wanaojua kazi, awalipe kwa ujuzi wao kama anavyomlipa mtaalamu. Hoja ya usafi wa maji na vyombo ni ya kweli, siikatai. Basi na hilo wafundishane.

Mwezi uliopita nilimpelekea shangazi chupa moja. Akainusa, akaonja, akanyamaza kidogo.

"Mwanangu, huyu aliyepika ana haraka. Ilitakiwa ilale siku moja zaidi."

Akaimaliza yote.