Tetrasaikilini Haitibu Mdondo

Makala moja iliyochapishwa inawashauri wafugaji wabane matumizi kwa kuachana na dawa za daktari wa mifugo: kuku, mbwa na paka wapewe vidonge vya binadamu vilivyobaki nyumbani.

Kwamba dawa za mifugo humwelemea mkulima wa Chidya, wilayani Masasi, anayesubiri fedha za korosho, ni kweli. Ukweli wa makala hiyo unaishia hapo.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ya kufungua kapsuli ya tetrasaikilini kwenye maji ya kuku ili kuzuia mdondo. Mdondo unaletwa na kirusi, na antibayotiki haiui kirusi hata ukimwaga pakiti nzima. Kuku atahara kijani, atapinda shingo, atakufa, na hela ya kapsuli imekwenda naye. Waliosalia watataga mayai yenye mabaki ya dawa, na watakaoyala ni watoto wa nyumba hiyohiyo. Huko ndiko kubana matumizi?

Nafuu halisi ipo: chanjo ya I-2, inayotengenezwa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) na kuvumilia joto kuliko chanjo nyingi za mdondo. Ni tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Kichupa kimoja hutosha kuku wa kaya kadhaa, kwa hiyo majirani wachangiane.

Parasetamoli kwa paka? Ini lake haliimudu. Fizi hugeuka kahawia, naye huweza kufa.

Na mbwa mzima eti hahitaji chanjo ya kichaa! Dalili zikishaanza, ugonjwa huo hauna tiba, kwa mbwa wala kwa aliyeng'atwa. Wafugaji wa Masasi na Newala wamwone ofisa mifugo wa kata, wapange siku ya chanjo.