Katuni ikifika kwenye makavazi, bado inauma?

Tuseme ukweli, wasee. Wengi wetu katuni ya siasa tunaiona kwa simu tukiwa ndani ya matatu, katikati ya video ya densi na tangazo la mkopo. Tunacheka, tunaituma kwa grupu ya WhatsApp, safari inaendelea. Kesho yake hakuna anayeikumbuka.

Sasa chukua mchoro huo huo, uuweke fremu, uutundike kwa ukuta mweupe kando ya michoro ya mamilioni ya pesa. Umeupa heshima ama umeung'oa meno?

Hili si swali la wasomi pekee. Mwishoni mwa Desemba 2024, Gideon Kibet, yule tunayemjua kama Kibet Bull, alitoweka. Kazi yake ilikuwa michoro ya vivuli vyeusi iliyomkejeli Rais William Ruto. Alipatikana Januari 6, 2025. Polisi walikana kuhusika. Jamaa hakujulikana kwa bunduki wala chama, alijulikana kwa michoro.

Kabla yake kulikuwa na Gado. Godfrey Mwampembwa, mzaliwa wa Dar es Salaam, alianza kuchorea Nation mwaka wa 1992. Januari 2015 gazeti la The EastAfrican lilipigwa marufuku Tanzania baada ya kuchapisha katuni yake ya Rais Jakaya Kikwete. Serikali ilisema tatizo ni usajili. Mwaka uliofuata, mkataba wa Gado na Nation haukuongezwa.

Si Afrika tu. Kule Ufaransa, Honoré Daumier alimchora Mfalme Louis-Philippe kama jitu linalomeza mali ya raia. Mwaka wa 1832 akasukumwa jela, kifungo cha miezi sita. Leo kazi zake ziko kwenye makavazi makubwa ya Paris na watalii wanalipa kuziona. Lakini mfalme alishakufa kitambo, kwa hivyo hakuna wa kukasirika.

Hapo ndipo shida ilipo. Makavazi hupenda kejeli ikishapoa.

Kuna watakaosema katuni si sanaa hasa, ni ya magazeti tu. Waangalie kazi za Michael Soi. Huyu ni msanii wa Nairobi anayechora kwa mtindo wa katuni, na kejeli ndiyo chakula chake. Mwaka wa 2015, banda la Kenya kwenye maonyesho ya Venice lilipojazwa wasanii wa China, Soi alijibu kwa brashi, akachora aibu hiyo. Ukuta kati ya katuni na sanaa ya kisasa ni mwembamba sana.

Mimi naunga mkono katuni kuingia kwenye makavazi, na sababu yangu ni moja: kumbukumbu. Akaunti ikifungwa, au simu ikiibiwa pale Tom Mboya, picha zimeenda. Michoro iliyosambaa wakati wa maandamano ya Juni 2024 ni historia yetu, na nyingi iko mikononi mwa kampuni za kigeni zinazoweza kuifuta wakati wowote. Makavazi yana kazi ya kuhifadhi. Wahifadhi basi.

Ila kuna masharti mawili. La kwanza, isingoje. Makavazi ya Kitaifa ni shirika la serikali. Je, yanaweza kutundika mchoro wa rais aliye Ikulu sasa hivi? Kama hayawezi, basi taasisi za kibinafsi zibebe mzigo huo. Tunayo NCAI, iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage mwaka wa 2020.

La pili, watu wafike. NCAI iko Rosslyn, barabara ya Limuru, na msee wa Kayole anahitaji matatu mbili na sababu nzuri ya kutoka nyumbani. Katuni ilizaliwa kwa watu wengi. Ukiifungia mahali wanapofika wachache, umemfanyia mkubwa kazi yake bila yeye kukutuma.

Kwa hivyo ukisikia maonyesho mapya ya katuni yamefunguliwa, usianze kwa kuuliza kiingilio ni pesa ngapi. Uliza ni nani amechorwa, na kama bado yuko ofisini.