Mtihani Hupima Shule Kabla ya Kumpima Mtoto

Kila matokeo ya KCSE yatangazwapo, runinga zetu hutuonyesha picha ileile. Mtahiniwa amebebwa juu kwa juu, mamaye anapiga vigelegele, naye mwanahabari anauliza swali ambalo jibu lake tumekwisha kulijua: mtoto anataka kuwa daktari. Nami humpongeza kwa dhati kama mtu mwingine yeyote. Hata hivyo, kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikilitafuta jina la shule kabla ya kulisikiliza jina la mtoto, na ni nadra sana shule hiyo kuwa ya Mandera, ya Turkana, au ya kwetu Tana River.

Nilisoma katika shule ya kutwa kando ya mto Tana. Tulikuwa na chumba kilichoandikwa "Maabara" mlangoni kwa rangi ya samawati. Ndani yake mlihifadhiwa magunia ya mahindi ya chakula cha wanafunzi, nasi, kwa kuwa njaa haina adabu, hatukuona ajabu yoyote. Mwenzangu mmoja darasani, ambaye sitamtaja kwa jina, alikuwa hodari wa biolojia kupita sisi sote. Alizoea kumpasua kambare pale ukingoni na kutuonyesha moyo na ini kana kwamba ni mhadhiri. Bureti aliishika kwa mara ya kwanza majuma mawili kabla ya mtihani wa kemia wa vitendo, na hiyo bureti yenyewe ilikuwa ya kuazima. Alipata alama ya B. Kwa shule yetu hiyo ilikuwa ajabu ya mwaka, lakini kwa mlango wa udaktari ilikuwa sawa na kutobisha hodi.

Ieleweke kwamba pointi za kuingilia kozi huhesabiwa kati ya 48, na anayeitaka kozi ya udaktari katika vyuo vikongwe vya umma hana budi kuivuka 40, tena kwa kishindo. Mwanafunzi aliyefanya majaribio ya kemia kila juma kwa miaka minne hupimwa kwa mizani hiyohiyo anayopimiwa yule wa bureti ya kuazima. Wanaoutetea utaratibu huu hudai kuwa ni wa haki kwa kuwa mtihani ni mmoja. Mtihani ni mmoja, naam. Lakini je, shule zilizowaandaa watahiniwa hao ni moja?

Ipo hoja nyingine ambayo sharti niijibu, maana husemwa na watu wenye busara. Huuliza: ni nani atakayekubali kupasuliwa na daktari aliyeingia chuoni kwa pointi za chini? Ni swali zito, ila linachanganya kuingia na kutoka. Masomo ya udaktari nchini huchukua takriban miaka sita, kisha mwaka mmoja wa mafunzo ya kazini hospitalini. Katika muda huo wote mwanafunzi wa Tana hufanya mitihani ileile anayofanya wa Nairobi, na hakuna anayemfanyia hisani mbele ya maiti ya somo la anatomia. Aidha, jambo hili si geni kwetu. Bodi ya JAB, iliyokuwa ikiwateua wanafunzi wa vyuo vya umma kabla ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, iliwapunguzia wasichana pointi za kujiunga. Nayo Katiba ya 2010, katika kifungu cha 56, inaiagiza serikali kuyapa makundi yaliyotengwa nafasi maalumu za elimu. Agizo lipo. Kinachokosekana ni nia ya kulitimiza hadi katika vitivo vya udaktari.

Tazama tulivyohangaika kwa njia nyingine. Mwaka 2018 serikali iliwaleta madaktari 100 kutoka Kuba na kuwasambaza katika kaunti. Walikuwa wataalamu, na sina neno baya juu yao. Lakini Aprili 2019 wawili kati yao walitekwa nyara mjini Mandera, na mwaka 2023 mpango wenyewe ukakomeshwa. Mwanzoni mwa 2020, baada ya mashambulizi, tume ya TSC iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Mwalimu wa kemia alipoondoka, aliondoka na daktari wa kesho. Kisha tunashangaa kwamba hospitali za huko hazina madaktari wenyeji!

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2010, lilipendekeza waziwazi kwamba vyuo viwasajili wanafunzi waliotoka mashambani, kwa kuwa hao ndio wenye mwelekeo mkubwa zaidi wa kurejea kufanya kazi huko. Kule Ingwavuma, katika jimbo la KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini, hospitali ya Mosvold ililifanya jambo hili tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Vijana wa vijiji vya karibu waliteuliwa wakiwa kwao, wakalipiwa karo, wakapewa walezi wa kuwafuatilia chuoni, wakafanya kazi katika hospitali ileile wakati wa likizo, na walipohitimu wakaitumikia mwaka kwa mwaka waliofadhiliwa. Katika mpango huo, mimi huvutiwa zaidi na walezi kuliko fedha. Kwetu basari hutolewa mbele ya kamera, mfano wa hundi wenye ukubwa wa mlango ukishikwa na watu watano, kisha kijana huachwa peke yake na vitabu vya bei ya ng'ombe. Na akimaliza, kama tulivyoona katika mgomo wa madaktari wa mwaka 2024, hungoja kupangiwa kituo cha mafunzo ya kazini huku akizozaniwa malipo yake. Mtoto wa tajiri aweza kungoja.

Huenda msomaji akauliza haya yanatuhusu nini sisi wa Kiswahili. Yanatuhusu sana. Kwanza, miongoni mwa masomo yanayozingatiwa katika kumsajili mwanafunzi wa udaktari limo la lugha: Kiingereza au Kiswahili. Katika shule isiyo na mwalimu wa kemia, mara nyingi wa Kiswahili yupo, tena ndiye mwalimu wa darasa, ndiye anayeulizwa fomu za chuo zijazwe vipi. Wengi wetu tutakuwa huyo mwalimu. Pili, nimewahi kumwona mfagizi wa hospitali akiitwa kuwa mkalimani kati ya daktari na bibi mzee asiyejua lugha ila Kiorma. Mzee yule aliulizwa habari za tumbo lake la uzazi kupitia kwa kijana wa kiume mwenye fagio mkononi. Alinyamaza. Daktari akaandika alichoweza kuandika.

Yule mwenzangu wa kambare alisomea kozi ya afisa wa kliniki na sasa anahudumu katika zahanati karibu na kwao. Wagonjwa hupita vituo viwili kumfuata yeye. Kazi yake ni ya heshima na hajuti kuichagua, ila aliwahi kuniambia kwamba akilazimika kumtuma mama mjamzito safari ya saa nne kwenda kupasuliwa, humkumbuka aliyekuwa na ufunguo wa ile maabara yetu.

Chama chetu huandaa makongamano ya shule kila mwaka. Nimezipitia kumbukumbu za ziara zetu, na takriban shule zote tulizozizuru ni zile zenye ukumbi, umeme na basi la kutupokea. Napendekeza ziara ijayo iwe ya shule ya kutwa isiyo na ukumbi, tukae chini ya mwarobaini, na tuombe wanafunzi wawili wa kitivo cha udaktari wafuatane nasi wakiwa na bureti zao.