Vituo vya data: umeme ukichelewa, nani alipe?

Mei 2024 Microsoft na G42 zilitangaza kituo cha data cha Olkaria, Kenya, kitakachotumia umeme wa jotoardhi. Kilitarajiwa kuanza kazi ndani ya miezi 24 baada ya kusainiwa mikataba. Kwa miradi ya aina hii, muda ndio pesa, na bila umeme jengo ni ghala tupu.

Mkandarasi anayechelewa hulipa fidia ya kila siku, kwa kawaida yenye kikomo. Lakini ikiwa laini ya umeme ndiyo iliyochelewa kuunganishwa, mara nyingi yeye huongezewa muda na fidia hailipwi. Hasara humwangukia mwenye mradi, na hatimaye mwenye hisa.

Nchini Tanzania, kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba huruhusu fidia ya kadiri, isiyozidi kiasi kilichoandikwa. Kikiandikwa kidogo, mahakama haitakiongeza.

Mwekezaji mdogo aulize mambo mawili: umeme ukichelewa nani analipa, na je, jengo litapokewa kabla ya mitambo kujaribiwa kwa mzigo kamili? Kampuni isipojibu, afadhali fedha zibaki benki.