Mnato wa Damu na Ujenzi wa Mishipa

Katika shule nyingi za sekondari mnato hufundishwa na mwalimu wa fizikia, kwa gololi izamayo polepole katika gliserini. Mzunguko wa damu hufundishwa na mwalimu wa biolojia, kwa mchoro wa rangi nyekundu na buluu. Walimu hao hukaa katika chumba kimoja, lakini masomo yao ni nadra kukutana. Mgawanyo huo humfaa mpanga ratiba. Mwanafunzi humwacha akiamini kwamba mishipa ya damu ni mabomba ambayo ramani yake imekwisha kuchorwa yote ndani ya jeni, na kwamba kazi ya damu ni kupita tu.

Yai la kuku lakanusha imani hiyo. Baada ya siku mbili za kuatamiwa, moyo wa kiinitete umekwisha kuanza kupiga, na juu ya kiini cha yai umetanda wavu wa vijishipa visivyopishana sana kwa unene. Siku chache baadaye wavu huo umegeuka mfano wa mti wenye shina, matawi na vitawi. Mjerumani Richard Thoma alichunguza viinitete vya kuku, na mwaka 1893 alitoa hoja kwamba mshipa upitishao damu kwa kasi hupanuka, na ule ambamo kasi imepungua hunywea.

Ushahidi wa ndani ya seli ulichelewa sana. Mwaka 2005 watafiti wa Japani walichukua seli shina za kiinitete cha panya, yaani seli ambazo bado hazijafungwa na kazi moja, wakapitisha majimaji juu yake. Zile zilizokwaruzwa na majimaji hayo zilielekea zaidi kuwa seli za utando wa ndani wa mishipa kuliko zile zilizoachwa katika majimaji yaliyotulia.

La kuzingatiwa zaidi ni jaribio lililotangazwa mwaka 2007 kutoka Houston, Marekani. Watafiti walizuia chembe nyekundu zisiingie katika mzunguko wa damu wa viinitete vya panya. Moyo uliendelea kupiga na majimaji ya damu yakapita, lakini yakiwa mepesi mno. Wavu wa mishipa haukujipanga. Mtu aweza kudhani kwamba kilichokosekana ni oksijeni, kwa kuwa ndiyo mzigo wa chembe nyekundu. Watafiti wakatia katika damu hiyo aina ya wanga iliyogeuzwa kikemia, isiyochukua oksijeni bali iongezayo mnato. Mishipa ikajipanga. Katika hatua hiyo, basi, chembe nyekundu zilikuwa na kazi ambayo mwanafunzi ni nadra kuisikia: kuifanya damu iwe nzito kiasi cha kuusugua ukuta.

Haifai kuvuka mpaka na kusema kwamba jeni hazina neno. Wavu wa kwanza hutandwa kabla damu haijaanza kupita, kwa amri za kikemia. Na protini zinazouhisi mkwaruzo, mathalani Piezo1 iliyotambuliwa mwaka 2010 na kundi la Ardem Patapoutian, zenyewe ni zao la jeni. Lakini orodha ya jeni peke yake haielezi kwa nini kijishipa hiki kimekuwa shina na jirani yake kikatoweka. Hapo hapana budi kuuliza damu ilipita wapi, na kwa nguvu gani.

Kwa hiyo yasikitisha kwamba nchini Tanzania mwanafunzi wa kidato cha tano achaguaye mchepuo wa Kemia, Biolojia na Jiografia huagana na fizikia, naye huenda ndiye mwalimu wa biolojia wa kesho. Pasipo kungoja mtaala ubadilishwe, vipindi viwili vyaweza kuunganishwa. Bomba la sindano lisilo na sindano, kipande cha mpira mwembamba, maji, na uji mwepesi uliochujwa vyatosha. Mwanafunzi asukume maji kwanza, kisha uji kwa mwendo ule ule. Kidole gumba kitaitambua tofauti. Ndipo mwalimu wa biolojia aulize ukuta wa mpira umepata nini.